Faksi na Laini ya Simu: Somo kwa Matawi



Katika masomo ya matawi tumezoea kuzungumza juu ya mikataba, ada za wanachama na namna ya kuandika malalamiko. Safari hii somo letu linahusu chombo cha kazi, yaani namna ya kuunganisha mashine ya faksi na laini ya simu. Huenda mwenzetu mmoja akauliza: "Hayo ni mambo ya fundi wa simu. Yanatuhusu nini sisi wachuma chai na wafanyakazi wa viwandani?" Yanatuhusu sana. Barua ya malalamiko hata ikiandikwa vizuri namna gani, isipofika kwa wakati ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Sheria za kazi huhesabu siku. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa kazi. Siku hizo zinahesabiwa kwa tawi la mjini, na zinahesabiwa vile vile kwa tawi la shambani ambako mvua ikinyesha gari halipiti.

Siku hizi barua pepe imechukua sehemu kubwa ya kazi ya faksi. Hata hivyo zipo ofisi za serikali, za mawakili na za makampuni zinazoendelea kutumia faksi, na yapo matawi yaliyopewa mashine zilizokwisha kutumika mahali pengine. Kwa hiyo, kabla ya yote, piga simu katika ofisi unayotaka kuipelekea hati. Uliza kama bado wanapokea faksi, na uandike nambari wanayoitumia sasa. Usitegemee nambari iliyochapishwa kwenye karatasi ya zamani.

1. FAKSI INAFANYAJE KAZI?

Faksi, ambayo katika barua za serikali ya Tanzania iliandikwa "nukushi", ni mashine inayosoma karatasi na kuigeuza kuwa sauti. Karatasi inapopita ndani, mashine huisoma mstari mmoja mwembamba baada ya mwingine. Katika kila mstari hutazama nukta 1,728 na kuamua kila nukta ni nyeusi au nyeupe. Habari hizo hugeuzwa kuwa milio inayopita katika laini ya simu kama yanavyopita maneno yetu. Mashine ya upande wa pili husikiliza milio hiyo na kuchora karatasi ile ile upya.

Mwaka 1980 kamati ya kimataifa ya simu, CCITT, ilipitisha kanuni za faksi za Kundi la 3. Tangu hapo mashine za viwanda mbalimbali ziliweza kusikilizana, na ukurasa mmoja ukapita kwa dakika moja au chini ya hapo. Mashine nyingi zilizomo maofisini ni za Kundi hilo.

Tusikilize jinsi mashine mbili zinavyoamkiana. Anayepiga hutoa mlio mfupi wa nusu sekunde, hunyamaza sekunde 3, kisha hurudia. Anayepokea hujibu kwa mlio mwembamba zaidi, mrefu. Halafu hukubaliana mwendo wa kupelekea, hujaribu laini kuona kama inaufaa mwendo huo, na ndipo ukurasa unapita. Mwisho wa kila ukurasa mpokeaji husema kwa milio yake, "Nimeupata." Bila neno hilo mpelekaji hahesabu kuwa kazi imekwisha.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Faksi inategemea laini inayopitisha mlio bila kuubadilisha. Sikio la mwanadamu linavumilia: simu ikikwaruza au neno likikatika, bado tunaelewa. Faksi haivumilii. Laini inayofaa kwa mazungumzo si lazima ifae kwa faksi. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kuchomeka waya wowote, ni hili: Laini yetu ni ya aina gani?

2. LAINI YA WAYA YA FAKSI PEKE YAKE

Huu ndio mpango rahisi na wa kuaminika kuliko yote, pale ambapo laini ya waya bado ipo. Waya wa simu hutoka katika soketi ya ukutani na kuingia moja kwa moja katika faksi.

Nyuma au ubavuni mwa mashine utaona matundu mawili yanayofanana. Moja limeandikwa LINE, na jingine limeandikwa EXT au TEL. Waya wa ukutani huingia LINE. Ukiuingiza katika tundu la pili, mara nyingi mashine itakaa kimya, na watu watasema imekufa kumbe ni nzima.

Kisha fanya haya:

Kwanza, inua mkonga au bonyeza kitufe cha kufungua laini, usikilize. Usiposikia mlio wa kupigia, tatizo liko katika laini au waya. Ukisikia mlio pamoja na mikwaruzo, hasa baada ya mvua, maungio ya waya huenda yameingia maji. Mwite fundi wa shirika la simu kabla ya kuilaumu mashine.

Pili, weka mashine ijibu yenyewe baada ya mlio wa kwanza au wa pili.

Tatu, kama mlio wa kupigia upo lakini nambari haziendi, angalia namna ya kupiga. Mitambo ya zamani ilihesabu mikatiko ya umeme, na mitambo iliyofuata husikiliza milio ya vitufe. Mashine nyingi zina mahali pa kuchagua njia moja kati ya hizo mbili.

3. LAINI MOJA KWA SIMU NA FAKSI

Matawi mengi hayawezi kulipia laini mbili. Hapo simu na faksi hutumia laini moja. Waya wa ukutani uingie LINE, na simu ya mezani ichomekwe katika tundu la EXT la faksi yenyewe. Kwa njia hii faksi inakaa mbele, simu inakaa nyuma yake, na faksi inajua kama simu imeinuliwa.

Haifai kugawa soketi ya ukutani na kuziweka simu na faksi bega kwa bega. Faksi ikiwa katikati ya ukurasa, na mtu wa chumba cha pili akainua mkonga wake kutaka kupiga simu, milio inavurugika na ukurasa unakatika. Kama hakuna njia nyingine, basi kila mtu ofisini aagizwe kutazama taa ya faksi kabla ya kugusa simu.

Halafu kuna kuchagua nani ajibu:

(a) Mtu ajibu. Simu ikilia mnainua mkonga. Mkisikia mlio mfupi unaorudiwa, mnabonyeza kitufe cha kuanza na kurudisha mkonga. Njia hii inafaa mahali ambapo daima kuna mtu.

(b) Faksi ijibu. Kila simu itapokewa na mashine. Inafaa usiku, au siku ambayo mnangoja hati.

(c) Mashine ipambanue. Faksi hupokea, husikiliza kama kuna mlio wa faksi, na isipousikia huita watu kwa kengele yake. Ni njia nzuri, ila mashine kadhaa za zamani hazitoi ule mlio wa kuamkia zinapopigwa kwa mkono, na hapo upambanuzi hushindwa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: kama laini yenu ina huduma ya kuarifu kwamba mtu mwingine anapiga, iondoeni. Ule mlio wa kuarifu huingia katikati ya ukurasa na kuukata.

4. NYUMA YA SWICHIBODI YA KAMPUNI

Viwanda na mashamba makubwa huwa na swichibodi, yaani mtambo mdogo unaogawa laini chache za nje kwa simu nyingi za ndani. Mara nyingine tawi hupewa chumba ndani ya eneo la kampuni na simu ya ndani kutoka swichibodi hiyo. Hapa yapo mambo manne ya kuangalia.

Jambo la kwanza ni aina ya simu ya ndani. Simu za ndani ziko za aina mbili: za analogi, ambazo ni kama laini ya kawaida ya nyumbani, na za dijitali, ambazo zinaelewana na swichibodi yao tu. Simu ya mezani yenye vitufe vingi vya ziada na kioo cha maandishi mara nyingi ni ya dijitali. Faksi haifanyi kazi katika soketi ya dijitali, na umeme wa soketi hiyo unaweza kuiharibu. Usijaribu kwa kubahatisha. Muulize mtunza swichibodi, na umwombe laini ya ndani ya analogi.

Jambo la pili ni kutoka nje. Swichibodi nyingi hutaka ubonyeze 9 au 0 kwanza, kisha ungoje mlio wa nje. Faksi haina subira hiyo isipoambiwa. Ukiandika nambari zote mfululizo, tarakimu za mwanzo zinaweza kupotea kabla laini ya nje haijafunguka, na faksi itampigia mtu mwingine kabisa. Mashine zina kitufe cha kuweka kituo kifupi kati ya tarakimu. Kiweke baada ya 9 au 0.

Jambo la tatu ni kupokea. Kama simu zote za nje hupokewa na opereta, faksi iliyopigwa nje ya saa za kazi haitafika. Saa za kazi pia, opereta akisema "Halo" na asisikie jibu, huenda akakata. Inafaa faksi iwe na nambari yake inayofika moja kwa moja.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote, nalo si la waya. Swichibodi nyingi huweka kumbukumbu ya kila nambari iliyopigwa, saa na muda. Mashine nyingi za faksi, hasa zile zilizounganishwa na mashine ya kurudufu, huhifadhi orodha ya waliopelekewa, na baadhi huhifadhi hati zenyewe. Kwa hiyo anayetumia faksi ya mwajiri kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri huyo huyo ajue kwamba anaacha nyayo. Orodha za wanachama, ushahidi wa mashahidi na barua kwa wakili zisipite katika njia hiyo. Tafuteni laini ya tawi, ofisi ya chama ya wilaya, au mahali pengine mnapopaamini.

5. LAINI YA WAYA ILIYOBEBA INTANETI

Katika baadhi ya maofisi laini moja ya waya hubeba simu na intaneti kwa pamoja. Intaneti hupita katika milio ya juu sana isiyosikika, na simu hupita chini. Zisipotenganishwa huingiliana: faksi hukatika, au intaneti huanguka kila faksi inapoanza.

Dawa yake ni kichujio, kisanduku kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na chombo cha simu. Kila chombo cha simu katika laini hiyo, pamoja na faksi, kiwe nyuma ya kichujio. Ruta ya intaneti peke yake ndiyo isiyopita katika kichujio. Kosa la kawaida ni kuiwekea simu kichujio na kuisahau faksi.

6. SIMU INAYOPITA KATIKA INTANETI

Mashirika ya simu ya nchi nyingi yanaacha waya wa zamani na kupitisha simu ndani ya intaneti. Katika mpango huu kuna adapta, kisanduku chenye tundu la simu upande mmoja na waya wa intaneti upande wa pili. Tundu hilo linafanana na laini ya zamani, na mlio wa kupigia unasikika. Lakini ndani yake mambo ni tofauti.

Adapta huikata sauti vipande vidogo na kuvipeleka kimoja kimoja. Ili kupunguza mzigo, adapta nyingi huibana sauti. Sauti isiyobanwa huchukua biti 64,000 kwa sekunde, na njia moja maarufu ya kubana, iitwayo G.729, huifanya iwe biti 8,000 tu. Kwa maneno ya mtu inatosha. Kwa milio ya faksi haitoshi, kwa kuwa kinachotupwa ndicho kilichobeba maandishi. Aidha, kipande kimoja kikipotea njiani, mtu hatambui, lakini faksi hupoteza mistari au hukata simu.

Mwambieni fundi wenu mambo haya matatu:

(a) Awashe T.38 katika adapta, kama mtoa huduma anaikubali. T.38 ni kanuni iliyopitishwa mwaka 1998 kwa ajili ya faksi. Adapta hutambua faksi na kupeleka habari za ukurasa zenyewe badala ya sauti.

(b) Kama T.38 haipatikani, achague sauti isiyobanwa, iitwayo G.711.

(c) Apunguze mwendo wa faksi hadi biti 9,600 kwa sekunde au chini zaidi. Mzigo mdogo hufika salama kuliko mzigo mkubwa unaokimbizwa katika njia mbovu.

Mafundi wengine huzima ule mpango wa mashine wa kusahihisha makosa, unaoandikwa ECM, ili faksi isikatike. Kwa hati za mashauri sisi tunashauri mwendo upunguzwe kwanza na ECM iachwe ikifanya kazi. Ukiizima, ukurasa unaweza kupita ukiwa na mistari iliyoharibika, na mstari huo ukawa ndio wenye tarehe au kiasi cha mshahara.

Tukumbuke pia kwamba umeme ukikatika, adapta na ruta huzimika na laini yote inakufa.

7. SIMU YA MEZANI YENYE KADI YA SIMU YA MKONONI

Katika mashamba mengi hakuna waya wowote. Kuna simu ya mezani inayotumia kadi ya simu ya mkononi. Baadhi ya simu hizo zina tundu nyuma, na watu huchomeka faksi humo. Mtandao wa simu za mkononi huibana sauti sana, kwa sababu uliundwa kwa ajili ya maneno ya watu. Faksi ya kawaida haipiti katika njia hiyo ya sauti, au hupita ukurasa mmoja kwa bahati na kushindwa mara kumi.

Ipo mitambo iliyotengenezwa kubeba faksi juu ya mtandao wa mkononi, lakini lazima mtambo wenyewe na mtoa huduma wote wawili wawe na huduma hiyo. Kuwapo kwa tundu si ushahidi. Dai majaribio kabla ya tawi kulipa. Kama haiwezekani, afadhali kupeleka kwa barua pepe pale inapokubalika, au kumtuma mtu mwenye daftari la kupokelea.

8. USHAHIDI KWAMBA HATI IMEFIKA

Zamani za telegramu mtu alirudi kutoka posta na stakabadhi yenye muhuri wa tarehe. Katika faksi, stakabadhi yetu ni karatasi ya taarifa ambayo mashine huichapa baada ya kupeleka. Huonyesha tarehe, saa, nambari iliyopigwa, idadi ya kurasa na matokeo. Nchini Afrika Kusini, kanuni za tume ya usuluhishi, CCMA, za mwaka 2003 ziliikubali taarifa inayoonyesha kwamba hati nzima imepita kuwa uthibitisho wa kupeleka hati. Kila nchi ina kanuni zake, kwa hiyo katibu aulize mapema kanuni za kwao. Lakini popote pale, asiye na taarifa hana cha kuonyesha.

Basi kila katibu azingatie haya:

Weka mashine ichape taarifa kila mara, siyo inaposhindwa tu.

Angalia saa na tarehe ya mashine kila umeme unaporudi. Mashine nyingi za zamani hupoteza tarehe umeme ukikatika kwa muda mrefu. Faksi iliyopelekwa siku ya 29 lakini imechapwa tarehe ya mwaka mwingine itampa wakili wa mwajiri neno la kusema.

Hesabu kurasa. Kama umepeleka 6 na taarifa inasema 5, hati haijafika. Peleka tena yote.

Toa kopi ya taarifa siku hiyo hiyo kama mashine inatumia karatasi laini ya kung'aa inayochapwa kwa joto. Maandishi yake hufifia kwa jua na joto, na shauri likisikilizwa baada ya mwaka mmoja utabaki na karatasi nyeupe.

Piga simu kuuliza kama imesomeka. Taarifa inaonyesha kwamba mashine ilijibu. Haionyeshi kwamba karatasi haikukwama, wala kwamba mtu ameisoma. Andika katika daftari jina la aliyejibu na saa.

Usingoje siku ya mwisho. Laini mbovu hutengenezwa kwa siku kadhaa, na muda wa sheria hauisubiri.

9. USALAMA

Waya wa simu una umeme. Laini ikiwa imetulia ina volti 48 hivi, na kengele inapolia hupanda hadi volti 70 na zaidi, kiasi cha kumshtua mtu. Usishike nyuzi zilizo wazi. Nchi za Maziwa Makuu ni nchi za radi nyingi, na waya mrefu wa shambani huileta radi hadi mezani. Wingu likikaribia, chomoa waya wa umeme na waya wa simu, yote miwili. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiiguse mashine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Laini ya tawi letu ni ya aina gani kati ya hizi zilizoelezwa? Nani amehakikisha?

2. Tukitumia faksi ya kampuni, ni hati zipi zinaweza kupita humo na zipi zisipite?

3. Nani katika tawi anaangalia tarehe ya mashine, na nani anatunza kopi za taarifa? Asipokuwapo, nani anashika kazi yake?

4. Mwenzetu ameachishwa kazi leo. Katika nchi yetu ana siku ngapi, na hati zake zitapita njia gani kama laini imekufa?

Tunawaomba makatibu walisome somo hili mbele ya mashine yenyewe, wakiwa na wajumbe wasiopungua wawili, na wapeleke faksi moja ya majaribio kwa tawi jirani kabla haijatokea haja ya kweli.